Mchanga wa Kuazima

Jumatatu, 9 Aprili

Siku mbaya. Mkaguzi wa wilaya, Bi Ratri, amefika kituo cha watoto wadogo bila taarifa. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye bembea na mtelezo. Akainama. Akagonga sakafu kwa kidole, ko ko ko, kama anayebisha hodi. Akauliza ni nani aliyemwaga zege chini ya michezo ya watoto.

Ni mimi. Khamphan, naibu mwenyekiti wa kijiji, mwenye akili zangu timamu. Mwaka juzi kila mtu alinipongeza. Hakuna tope, hakuna nyoka, inafagiwa kwa dakika tano! Leo hakuna aliyenipongeza. Mke wangu Chanpen, ambaye ndiye mwalimu wa kituo, alinijibia kwa kuninyooshea kidole.

Amri ya mkaguzi: kufikia tarehe 30, chini ya mtelezo pawe na kitu laini, kina chake rula nzima ya shule, sentimita thelathini. La sivyo, mtelezo na bembea vinang'olewa na kupelekwa kijiji cha Nong Takrai, ambako watu wanavililia siku nyingi. Fedha za kazi hiyo zitatoka mwaka ujao. Rula haisubiri mwaka ujao.

Chanpen aliandika barua miaka minne kuupata mtelezo ule. Jioni ameniambia, kwa upole ulionitisha, kwamba mtelezo ukiondoka na mimi nipande gari hilohilo.

Jambo moja sijamwambia mtu. Mwezi wa pili mjukuu wetu Baitoi alianguka pale na kuvunja jino la mbele. Nilikuwepo. Ule mlio bado nausikia nikiwa nakula. Wazazi wake wako Bangkok kazini, na kwenye simu niliwaambia aligongwa na kikombe.

Jumanne, 10 Aprili

Nimepata! Pumba za mpunga. Nyuma ya kinu cha kukoboa kuna mlima wake, na mwenye kinu karibu anibusu nilipoomba nizichukue. Tela nne kwa pawatila. Nikazimwaga, nikazisawazisha kwa reki. Rula ikazama yote.

Nikafanya na jaribio la kitaalamu. Nilipanda juu ya mtelezo na tikiti maji, nikaliachia. Likapata ufa mdogo tu. Watu wakashangilia, wakalila. Chanpen akauliza kama huo ufa mdogo ningependa kuuona kwenye kichwa cha Baitoi. Wanawake hawana moyo wa utafiti.

Sawat, naibu mwenzangu, alipita akatabasamu. Sawat alizaliwa siku moja baada yangu, na tangu siku hiyo ananifuata nyuma kama mkia. Aliniuliza kama nimewaalika na kuku. Nilimwambia wivu utamuua.

Jumatano, 11 Aprili

Kuku.

Sikujua kijiji kina kuku wengi namna hii. Walifika alfajiri, wakafika na jamaa zao. Kumbe kwenye pumba kuna chenga za mchele. Wamefukua mpaka zege likaonekana, kisha upepo wa saa nne ukachukua kilichobaki. Pumba zimeingia madirishani, kisimani, kwenye nguo za watawa zilizoanikwa hekaluni. Watoto wanajikuna mpaka migongoni.

Nyingine zimetua kwenye kinu cha mama mkwe wangu, Bibi Kaeo, akiwa anatwanga papai bichi na pilipili. Nyumba tunayokaa ni yake. Tangu nioe nimekula wali wake miaka thelathini na moja, na hajawahi kusahau kunikumbusha. Alichota pumba moja kwa ncha ya kijiko, akaitazama, akanitazama mimi. Akamwambia binti yake kwamba kulikuwa na mchumba mwingine, fundi cherehani.

Alhamisi, 12 Aprili

Sawat kaitisha kikao! Kaleta kigae cha mpira, kimoja, sampuli, chekundu, kinene kama godoro la mtoto. Amekipata kwa shemeji yake mjini. Alisema vigae vikienea pale chini kazi imekwisha, vinaweza kulipiwa kidogokidogo. Akaangusha tikiti. Likadunda! Likadunda mara mbili na kumrudia mkononi. Watu walipiga makofi mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Nikatumia akili. Nikapendekeza kigae kikae juani kwanza, tukutane saa saba. Aprili hii hata mbwa hawapiti barabarani saa saba. Hesabu yangu: Sawat atakalia kigae chake mbele ya watu, ataruka kama bisi kwenye mafuta ya moto, na mimi nitahuzunika kwa heshima.

Saa saba ilipofika, Sawat akasema kwamba mgeni rasmi ndiye hukaa kwanza, na mgeni rasmi ni kaka Khamphan, aliyezaliwa kabla yake. Watu wote wakageuka. Ningefanya nini?

Nimeandika haya nimelala kifudifudi. Lakini mpira umekataliwa! Kila mtu aliona nilivyoruka. Nimeshinda, kwa namna fulani.

Ijumaa, 13 Aprili

Mwaka mpya wa kwetu, sikukuu ya kumwagiana maji. Nimemwagiwa maji tangu nyumbani mpaka hekaluni, na kwa mara ya kwanza maishani nimeshukuru kumwagiwa nyuma.

Asubuhi tuliwamwagia wazee maji yenye maua mikononi. Bibi Kaeo alinibariki nipate akili mwaka huu. Alirudia mara mbili, kama vile mara ya kwanza haikusikika huko juu.

Kisha kijiji kizima kikabeba mchanga kupeleka hekaluni, kama kila mwaka. Mwaka mzima miguu yetu hutoka na punje za mchanga wa hekalu bila sisi kujua, na mali ya hekalu si ya kutembea nayo. Kwa hiyo kila nyumba inarudisha. Na kwa kuwa hakuna ajuaye ametoka na kiasi gani, kila mtu anazidisha. Ndoo, makarai, matela. Watoto wanaufinyanga kuwa vilima vyenye ncha na kuvichomeka bendera za karatasi.

Nilisimama pale nimeloa chepechepe, nikatazama. Mchanga wa mtoni. Safi, wa mviringo, usioshikana kama ule wa udongo. Mlima mzima!

Nimeanza kucheka peke yangu. Chanpen akadhani nimekunywa.

Jumapili, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Baba Mtawa, mkuu wa hekalu. Nilianza mbali, nikamuuliza habari za macho yake, za paka, za mvua. Akaniambia, “Mwanangu, unataka nini? Magoti yangu yamechoka kukusubiri.”

Nikasema. Akajibu palepale kwamba mchanga ule ulikuwa ukingoja msingi wa bweni la watawa mwakani, na kwamba watoto hawawezi kungoja mwakani. Akasema chukua tu, hekalu linawapa.

Hapo nikafikiri haraka. Hekalu likitoa, thawabu ni ya hekalu na ya kijiji kizima, Sawat akiwemo. Lakini mchanga ukiazimwa, lazima awepo mwazimaji, mwenye jina. Nikasema hapana, Baba Mtawa, siwezi kupokea bure, mimi nitauazima na kuurudisha wote. Akanitazama sana. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mtu mwenye heshima zake huazima.

Akasema sawa, basi umeazimwa. Akaguna.

Jumanne, 17 Aprili

Ushindi! Siku mbili za kubeba. Tumechekecha mchanga wote: vijiti vya ubani, bendera, mishumaa, bangili moja. Nimezungusha magogo ya minazi kuuzuia usitoroke. Rula inazama yote, na kidole juu yake.

Tikiti halikupata hata mkwaruzo. Watu walisikitika maana walikuja na njaa.

Baitoi aliteleza mara thelathini. Mara ya mwisho alishuka kichwa mbele kwa makusudi, akazama mpaka masikioni, akainuka na mchanga kwenye pengo lake. “Babu, tena!” Niligeukia upande wa barabara kidogo. Vumbi.

Usiku huu kitanda kimekuwa kizuri, hata kwa mtu anayelala kifudifudi. Jambo moja limebaki, kibao. Nimekichora mwenyewe kwa rangi nyekundu: MCHANGA WA HEKALU. UMEAZIMWA NA NAIBU KHAMPHAN KWA AJILI YA WATOTO. Herufi za jina langu zimekuwa kubwa kuliko nilivyopanga, lakini zimependeza.

Alhamisi, 19 Aprili

Bibi Kaeo kasoma kibao.

Alikuja kumchukua Baitoi. Alisimama, akakisoma kwa sauti, mara mbili. Akamkalisha mtoto kwenye gogo. Akampangusa nyayo, katikati ya vidole, ndani ya mikunjo ya kaptula, ndani ya masikio. Akakinga kila punje kwenye kopo la maziwa.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema huyu mtoto hatarudi nyumbani kwangu na mali ya hekalu mwilini. Nikasema ni punje chache tu, mama. Akaniuliza kama nimezihesabu. Sikuwa nimezihesabu. Basi, akasema, hata yeye hajui nyingine ngapi zimebaki kichwani, na dhambi ya kupunja ni kubwa kuliko dhambi ya kuzidisha. Akainama, akachota mchanga kutoka chini ya mtelezo mpaka kopo likajaa pomoni, kwa usalama. Akaondoka kuelekea hekaluni akiwa na uso wa mtu aliyelipa madeni yake.

Kopo moja. Si neno.

Jumapili, 22 Aprili

Ni neno.

Leo nimehesabu mabibi kumi na saba. Kila mmoja na mjukuu, kila mmoja na kopo, na wengine makopo yamekuwa ndoo. Wanawapangusa watoto, wanazidisha kwa usalama, wanakwenda hekaluni kwa msururu huku wakisifiana. Sijawahi kuona wanawake wenye furaha hivi. Kawaida wanasubiri mwaka mzima kupata thawabu ya mchanga, na sasa inapatikana kila jioni, karibu na nyumbani, yenye kivuli.

Kuna bibi hana mjukuu. Ameazima mtoto wa jirani.

Rula inasema ishirini na mbili.

Sawat amesimama pembeni akila muwa. Alisema kwamba hajawahi kuona deni likilipwa haraka hivi, na kaka Khamphan anastahili kuwa mfano kwa kijiji.

Jumatatu, 23 Aprili

Mbinu ya kwanza: soksi. Niliagiza watoto wote wacheze na soksi. Mchanga ukajaa ndani ya soksi. Mabibi walifurahi sana, soksi hubeba kuliko mguu.

Mbinu ya pili: beseni la maji mlangoni, kila mtoto anaosha miguu kabla ya kutoka, punje zinabaki palepale. Safi! Jioni wakaja mabibi wanne, wakainua beseni, wakalipeleka hekaluni na maji yake.

Kumi na tisa.

Jumatano, 25 Aprili

Nimekwenda kumwomba Baba Mtawa abadilishe deni kuwa zawadi, kama alivyotaka mwanzo. Hayupo! Amepelekwa Khon Kaen kutolewa mtoto wa jicho, anarudi mwezi ujao. Mtawa aliyeachwa ana miaka ishirini na anaogopa hata paka. Alisema hawezi kugusa neno la mkubwa wake.

Mlima wa mchanga umerudi uani kwa hekalu, umekuwa mkubwa kuliko mwanzo. Nadhani wengine wanaongeza wa kwao.

Nikarudi nikang'oa kibao. Hatua ya busara: wasiokiona watasahau. Ndani ya nusu saa Bibi Kaeo akawa mbele yangu. Alinena polepole kwa ajili ya majirani. “Mkwe, mtu akiazima mali ya hekalu halafu akaficha kibao, huyo tunamwitaje?” Majirani walikuwa na mapendekezo.

Nimekirudisha kibao. Kumi na mbili.

Ijumaa, 27 Aprili

Mpango mkubwa. Saa saba mchana kijiji kizima hulala. Nikachukua toroli, nikapaka ekseli mafuta, nikaenda kuuchukua tena mchanga. Si wizi, nimeuazima!

Toroli la kwanza likafika. La pili likafika. La tatu, nikiwa nainama na koleo, nikasikia mtu anakohoa. Mabibi sita walikuwa wamekaa kwenye ngazi za hekalu, wanatafuna tambuu. Bibi Kaeo katikati. Hakuna aliyenigombeza. Walinisaidia hata kusukuma. Walinifuata mpaka kituoni, wakanitazama nikimwaga, kisha kila mmoja akatoa kopo lake.

Nilimwambia Chanpen kwamba mama yake ataufukuza mtelezo kijijini. Akasema mama yake hajamwaga zege lolote wala hajachora kibao chochote. Baadaye nilimwona amekaa peke yake juu ya mtelezo, mtu mzima, magoti yamegusa kidevu. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Nilitaka kumwambia ukweli kuhusu kikombe, nikamuuliza kama kuna wali umebaki.

Sentimita sita.

Jumatatu, 30 Aprili

Leo ndiyo leo. Usingizi sikupata. Mpango: nimzuie mkaguzi njiani asifike mapema, akifika awe ameshiba, mtu aliyeshiba hainami.

Saa mbili nikamsimamisha Bi Ratri barabara kuu, nikamkaribisha kwa mwenye kibanda cha kuku wa kuchoma. Kuku wawili, wali wa kunata, saladi ya papai, hadithi ya maisha yangu. Nilifika mwaka niliooa alipotazama saa na kuomba tuondoke. Nilikuwa nimepata muda wa saa mbili nzima. Sikuwa na mpango wa kuzitumia, lakini nilizipata.

Tukafika kituoni. Mtelezo haupo.

Bembea hazipo. Magogo hayapo. Zege tupu, limefagiwa, na matundu manane ya bolti.

Nong Takrai! Nilielewa mara moja. Wameshindwa kusubiri, wametuibia mchana kweupe! Nikakimbia ofisini, nikawasha kipaza sauti cha kijiji, nikapiga kelele. Wezi! Kila mwenye pikipiki afunge barabara! Waliochukua mtelezo wa watoto wetu hawajafika mbali!

Spika za kijiji zina vipaza sauti viwili, kimoja ofisini, kingine hekaluni. Kikaitika cha pili. Sauti ya Sawat, imetulia kama ya mtu wa redio: “Kaka Khamphan, tuko hapa hekaluni. Tuliokuja na mtelezo ni sisi. Mlete mgeni, na tafadhali usipige kelele, watawa wanakula.”

Tulikwenda. Mtelezo umesimama uani, chini ya miti, nguzo zimechimbiwa, na chini yake mchanga wote wa kijiji. Sawat ana spana mkononi. Mabibi kumi na saba wana majembe. Watoto wanashuka, wanazama, wanainuka. Wakitaka kutoka wanajipangusa miguu getini kama walivyofunzwa tangu waanze kutembea, na hakuna anayepanga foleni na kopo, maana mchanga uko kwao.

Bi Ratri akachomeka rula. Ikazama. Akachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko. Akasema hajaona chini ya mtelezo palipo laini hivi wilaya nzima, na akauliza wazo hili ni la nani.

Nikafungua mdomo.

“La bibi,” Baitoi akasema kutoka juu.

La Chanpen! Lilimjia Ijumaa ile alipokaa juu ya mtelezo. Kama mchanga hautaki kukaa kwenye mtelezo, mtelezo ukakae kwenye mchanga. Mama yake ndiye aliyempigia Baba Mtawa hospitalini. Simu! Sikufikiria simu. Baba Mtawa aliuliza swali moja tu, kama mtelezo unaazimwa au unatolewa. Bibi Kaeo akajibu unatolewa.

Baitoi akashuka kichwa mbele. Akainuka, akatema mchanga, akacheka na pengo lake lote. Basi hapohapo, mbele ya mkaguzi na kila mtu, nikamwambia Chanpen kwamba si kikombe kilichovunja lile jino. Akasema anajua. Kijiji kizima kinajua, hata wazazi wa Baitoi wanajua, wamekuwa wakisubiri tu waone nitachukua muda gani.

Alinishika mkono mpaka nyumbani. Gari la kwenda Nong Takrai limeondoka bila mtelezo na bila mimi.

Jumanne, 1 Mei

Nimetafakari sana. Nimejifunza mengi. Ukiangalia kwa haki, bila mimi mchanga ule usingetembea kabisa. Kila lililotokea lilianzia kwangu. Chanpen amekubali kwamba kila lililotokea lilianzia kwangu, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Kwa hiyo, Bi Ratri aliposema jana kwamba Nong Takrai nao watapata mtelezo mwezi ujao, na ardhi yao ni changarawe ngumu, nilijitolea mara moja kuwa mshauri wao. Nimekwenda leo asubuhi kukagua. Watu wema, wanasikiliza. Hekalu lao ni dogo na mchanga wake ni kidogo, kwa hiyo hilo nimelifuta. Kosa kama lile sirudii.

Lakini wana kiwanda cha wanga, na nyuma yake kuna rundo la maganda ya mihogo, urefu wa nyumba! Laini, mabichi, bure, hakuna mwenye kuyadai wala kuyasafisha masikioni mwa mtoto. Nimeyakanyaga mwenyewe. Mguu unazama mpaka goti. Nimewaambia walete tela tano kesho, na nimeshawaonyesha mahali pa kuweka kibao.

Njiani niliona nyati wa kufugwa, labda arobaini, wananiangalia mguu wenye harufu ya mihogo. Wote walikuwa wamefungwa kamba. Kamba nyembamba, lakini kamba.